Hojaji Mbovu Zisitumiwe Kuwahukumu Walimu

Tangu serikali ianze kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka wa 2016, watafiti wamekuwa wakiwapa walimu na wanafunzi hojaji za kupima mielekeo yao kuhusu tarakilishi. Juhudi hizo nazipongeza. Hata hivyo, nikiwa mwanaisimu, nina shaka na lugha ya baadhi ya hojaji.

Muulize mwalimu, “Je, huogopi tarakilishi?” Akijibu “Ndiyo” kwa Kiswahili, ana maana kwamba haogopi. Kwa Kiingereza, jibu la kukubali aghalabu humaanisha kwamba anaogopa. Basi mtafiti aliyetafsiri swali sisisi huenda akamwandika jasiri kuwa mwoga, na wakubwa wakadai kwamba walimu ndio wanaokwamisha mradi, ilhali shule yenyewe haina umeme wa kutegemewa.

Napendekeza kauli yakinishi, mhojiwa aonyeshe kadiri anavyokubaliana nayo, kama alivyoasisi Rensis Likert mwaka wa 1932. Aidha, hojaji ijaribiwe kwanza kwa walimu wachache. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutojua umejibiwa nini.