Barazani: Msibani Hatualikwi

Safari hii tuna la kuungama, na tunaliandika kwa ruhusa ya mwenyewe.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alifiwa na bibi yake huko Tanga. Habari ilifika usiku katika kundi letu la WhatsApp. Sote tukaandika "pole sana", basi. Bweni lake ni mwendo wa dakika tano, lakini hatukwenda. Tulisema tusimsumbue, akituhitaji atatuita.

Siku ya tatu mama wa mmoja wetu akapiga simu. "Mmeshakwenda kuhani?" Tukanyamaza. "Wanangu, msibani watu hawaalikwi."

Katika somo la saikolojia tumesoma majaribio ya Solomon Asch, aliyoyafanya hapa Marekani miaka ya 1950. Mtu aliulizwa mstari upi unalingana kwa urefu na mwingine, huku wenzake, waliopangwa kwa siri, wakitaja mstari usio sahihi kwa kauli moja. Karibu theluthi moja ya majibu yalifuata kundi. Mwaka 1996 Rod Bond na Peter Smith walikusanya majaribio 133 ya aina hiyo kutoka nchi 17, wakaona kwamba pale jamii inapotangulizwa kuliko mtu binafsi, watu hufuata kundi zaidi.

Tuliposoma hayo tuliwafikiria wazazi wetu na ile "watu watasema nini?" yao. Kumbe "mwache peke yake" nayo ni desturi, nasi tuliifuata bila kujua, kwa kuwa hakuna aliyeinuka. Wanafunzi wa hapa wakikaa mbali na mfiwa, wanamheshimu. Kwetu, kukaa mbali ni kumtenga. Huruma ni ile ile, ila utamaduni ndio unaoamua kama mlango ugongwe au usigongwe.

Tulikwenda siku ya nne, na mandazi na chai ya tangawizi. Alifungua, akasema, "Nilidhani mimi si wenu." Hatukuwa na jibu. Tukakaa naye hadi usiku wa manane.

Asch aliona jambo jingine: mtu akipata japo mwenzake mmoja anayetaja jibu sahihi, kulifuata kundi hupungua sana. Basi atakayesikia msiba asingoje kundi. Avae viatu atoke. Sisi tutamkuta njiani.