Ukweli wa Kalamu Huanzia Maabarani

Kila msimu wa kampeni, helikopta hutua katika viwanja vya shule, na huku kwetu Sabaki walimu hushindwa kuwazuia wanafunzi madarasani. Wao hushangilia pangaboi na vumbi. Mimi, mwalimu wa fizikia, huwaza juu ya daftari lisiloshangiliwa na yeyote.

Hilo ni daftari la kumbukumbu za ndege. Kila saa ya kuruka huandikwa humo, kwani sehemu nyingi za chombo hicho zimewekewa umri. Helikopta aina ya Robinson R44 hufanyiwa ukarabati mkuu baada ya saa 2,200 au miaka 12, hata ikionekana nzima. Injini nayo ina mipaka ya nguvu na joto. Adhuhuri ya pwani hewa huwa nyepesi, injini ikatumika kwa bidii zaidi kuinua mzigo uleule. Rubani akiuvuka mpaka, hata kwa sekunde chache, sharti aandike ili mafundi wakague.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikusudia ufa unaoonekana. Tarehe 29 Aprili 2016, huko Norway, helikopta aina ya Super Puma ilitengana na pangaboi lake kuu angani, watu wote 13 wakafa. Ufa ulienea ndani ya chuma cha gia, wala haukugunduliwa. Baadaye wasimamizi wa usalama wa anga barani Ulaya waliamuru gia hizo zitumike kwa saa chache zaidi. Pale jicho lisipofika, hesabu ya saa ndiyo kinga. Nayo hesabu haizidi uaminifu wa mwandishi wake.

Nasi Kenya twaujua msiba. Tarehe 18 Aprili 2024, Jenerali Francis Ogolla na wanajeshi wengine tisa walifariki katika ajali ya helikopta, na uchunguzi ukataja hitilafu ya injini. Simlaumu mtu, nakumbusha tu kuwa angani hakuna kando ya barabara pa kuegesha.

Sasa tujiulize, walimu wenzangu. Mwanafunzi apimaye mvutano wa dunia kwa pendulamu akapata 9.2, kisha akaandika 9.8 kwa sababu kitabu chasema hivyo, tunamfundisha nini tukimpa alama zote? Nakiri, nimewahi kumpa. Huyo ndiye fundi wa kesho, atakayeombwa apunguze saa chache daftarini ili ndege isikose safari.

Tangu sasa, 9.2 iliyopimwa itapata alama kwangu. Ile 9.8 ya kunakili haitapata kitu.