Injini Inapogonga

Kijana mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea barua yenye swali ambalo twaona lafaa kujibiwa hapa, ili faida yake isiwe ya mtu mmoja. Motokaa ya baba yake, ambayo ndiyo ipelekayo wadogo zake chuoni na ndiyo iletayo riziki ya nyumba, imeanza kutoa sauti ya kugonga. Anauliza: sauti ile ni ya nini, na je, ni jambo la kuogopa? Kisha, mwisho kabisa wa barua, ameongeza mstari mmoja, kwamba rafiki wa baba yake amewapa shauri watie oili nzito, sauti inyamaze, wakaiuze motokaa kabla haijafa. Swali la kwanza tutalijibu kwa urefu. La pili halihitaji urefu, lakini hatutaliacha.

Yapasa kujua kwanza ya kwamba injini ina sauti nyingi, na si kila injini igongayo inakufa. Tabibu mwenye busara hamwambii mgonjwa maradhi yake kabla ya kumwuliza: yauma wapi, yauma lini, na huzidi ukifanya nini? Mwenye motokaa naye na aulize hayo hayo: sauti yatoka juu au chini? Hutoka injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Huzidi motokaa ikipanda mlima, au mguu ukiondolewa katika mafuta?

Lakini kabla ya kusikiliza, na apime oili. Motokaa isimame mahali palipo sawa, injini izimwe, angoje dakika chache oili ishuke. Kisha achomoe kijiti cha kupimia, akifute, akirudishe, akichomoe tena. Oili yapasa kuwa kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, huenda ameipata sababu bila kumlipa fundi hata senti. Na kama taa nyekundu ya oili inawaka ilhali motokaa inakwenda, asiseme, "Nitafika tu." Asimame pembeni, azime injini pale pale. Sisi wenyewe tuliwahi kuidharau taa hiyo, tukiwa na haraka ya kuwahi arusi, nasi arusi hatukuiwahi wala injini hatukuipata tena.

Sasa tuzitaje sauti zenyewe.

Ya kwanza ni sauti nyepesi, ti-ti-ti, itokayo juu ya injini. Aghalabu hiyo ni ya vali na tapeti zake. Kila vali hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili ya injini, kwa hiyo mdundo wake ni nusu ya mwendo wa injini, na sikio lililozoea hulitambua hilo. Ikisikika asubuhi kwa muda mfupi tu injini inapowashwa, kisha ikatulia, ni oili ilikuwa haijafika juu. Ikiendelea, fundi na apime nafasi ya tapeti na kuirekebisha.

Ya pili ni kama changarawe zikitikiswa ndani ya kopo, nayo huja motokaa ikipanda mlima au ikibeba mzigo. Hiyo si ya chuma kugongana na chuma, bali ni ya petroli. Cheche ya plagi ikiisha kuwasha moto, moto huo hupaswa kuenea kwa taratibu. Lakini joto na mgandamizo vikizidi, petroli iliyobaki pembeni hulipuka yenyewe kwa ghafla kabla moto haujaifikia. Sababu zake ni petroli isiyofaa injini ile, cheche iwakayo mapema mno, masizi yaliyojaa ndani ya silinda, au injini iliyopata moto kupita kiasi. Motokaa nyingi za siku hizi zina kifaa kisikiacho mgongo huo na kuichelewesha cheche chenyewe. Na petroli yenye okteni kubwa si kwamba ina nguvu zaidi, kama wengi wadhanivyo. Maana yake ni kwamba yastahimili zaidi kugandamizwa bila kulipuka ovyo. Basi tia ile iliyoandikwa na watengenezaji wa motokaa yako.

Ya tatu ni sauti butu, isikikayo asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hupungua kadiri ipatavyo joto. Hiyo ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda kwa uchakavu. Ikipata joto hutanuka na nafasi hupungua. Huo ni uzee; injini ya namna hiyo yaweza kwenda muda mrefu kama oili yake haipungui.

Ya nne ndiyo ya kuogopwa. Ni mgongo mzito utokao chini, kama nyundo juu ya gogo. Huzidi injini ikiongezwa kasi, husikika sana mguu unapoondolewa katika mafuta, na huwa mbaya zaidi injini ikiwa moto, kwa kuwa oili imekuwa nyepesi. Hiyo ni beringi ya rodi. Rodi ni mkono wa chuma uunganishao pistoni na krankshafti, yaani ule mtaimbo uzungukao chini, na kati yao hapapaswi kuguswa chuma kwa chuma, bali utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikosekana, beringi husagika, nafasi hupatikana, na kila mzunguko huwa ni pigo. Mwenye motokaa akisimama mapema, huenda mtaimbo ukachongwa na beringi mpya zikatiwa. Akiendelea, rodi hukatika na kutoboa ubavu wa injini, na hapo hakuna la kutengeneza.

Ama injini ya dizeli, hiyo ina mgongo wake wa asili, maana dizeli haiwashwi kwa cheche, bali hupulizwa ndani ya hewa iliyopata moto kwa kugandamizwa. Mwenye nayo asishtuke kwa sauti, bali ashtuke sauti ikibadilika. Na mara nyingine injini haina kosa kabisa: ni ekzosi iliyolegea, au raba za kushikilia injini zimekatika.

Kwa kusikiliza, mafundi hushika bisibisi ndefu, ncha wakaigusisha kwenye injini na mpini wakauweka karibu na sikio, wakahamisha hapa na pale mpaka pale sauti izidipo. Lakini twawaonya vijana wetu: mikono ya kanzu ikunjwe, ncha za kilemba na mtandio zisiwe karibu na feni wala mkanda, wala injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake unaua bila ya mtu kuhisi. Na ile njia ya kuizima silinda moja moja ili kuona ni ipi ikizimwa mgongo hupungua, hiyo ni njia nzuri ya kuijua rodi mbovu, ila aachiwe fundi, kwani umeme wa plagi ni wa maelfu ya volti.

Tumesema maradhi ya sauti. Sasa tuseme habari ya kuinyamazisha. Mwaka 1921, huko Dayton, Marekani, Thomas Midgley na wenzake waligundua kwamba dawa yenye risasi, ikichanganywa kidogo na petroli, huukomesha ule mgongo wa pili tuliousema. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa. Lakini risasi ni sumu. Ikatoka katika moshi, ikaingia katika miili ya watu, na watoto wakaumia zaidi katika akili zao. Nchi baada ya nchi zikaikataza, mpaka Algeria, iliyokuwa ya mwisho kuiuza kwa motokaa, ilipoacha mwaka 2021. Karibu miaka mia ilipita kuondoa sumu iliyoletwa kwa ajili ya kunyamazisha sauti.

Oili nzito nayo ni vivyo hivyo. Haiponyi beringi, huufunika mgongo kwa siku chache tu. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini hapa atakayeumbuliwa ni mnunuzi, labda usiku, njiani, watoto wake wakiwa kiti cha nyuma na lori li nyuma yao. Kila aliyesoma chuoni anakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, na vidole vyake vikapata unyevu, mwenye mali akajitetea kwa mvua, naye akamwuliza mbona hakukiweka juu kilicholowa ili watu wakione. Oili nzito ni chakula kikavu kilichowekwa juu. Na sheria yetu humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu alichofichwa aibu yake. Kuiuza motokaa mbovu si haramu. Haramu ni kuuficha ubovu wake. Mwenye kuiuza na aseme, "Rodi inagonga," na bei ipunguzwe kwa kadiri hiyo.

Tunajua, ewe kijana wetu, kwamba si rahisi kumwambia mzazi jambo hili. Usimkaripie wala usimtolee hukumu. Ngoja wakati ametulia, umwambie, "Baba, twende kwanza kwa fundi tukasikilize," maana kwa barua hatuwezi kujua kama ni rodi au ni tapeti, na huenda mnataka kumdanganya mtu kwa ugonjwa ambao hata haupo. Kama ni rodi kweli, mwombe mhesabu pamoja gharama ya kutengeneza na bei ya kuiuza kwa wazi. Hasara itakuwapo, hatukufichi. Lakini wadogo zako watajifunza kwa baba yao namna muungwana anavyobeba hasara yake mwenyewe, asimtwishe mtu mwingine.