Milima na vipaji vipo, mbio ndefu za milimani bado ni adimu Afrika Mashariki

Septemba 2025, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, baada ya kushinda marathoni jijini Tokyo. Ushindi huo ulidhihirisha tena hadhi ya Afrika Mashariki katika mbio za barabarani. Hata hivyo, ukanda huu wenye Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori una mashindano machache mno ya masafa marefu yanayokimbiwa milimani kwenyewe.

Kinachokosekana si vipaji. Mganda Victor Kiplangat alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za milimani nchini Italia mwaka 2017, kabla ya kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2023. Mkenya Patrick Kipngeno alishinda mbio za kupanda mlima katika mashindano ya dunia ya mwaka 2022 nchini Thailand na ya mwaka 2023 nchini Austria. Mabingwa hao walipata sifa kwenye milima ya wengine.

Kwingineko, mchezo huu umejengwa kwa miongo mingi. Nchini Uingereza, mbio za milimani hupangwa kwa madaraja, na zile za kilomita 20 au zaidi huhesabiwa kuwa ndefu. Mbio za kuzunguka Mont Blanc, zilizoanza mwaka 2003, hupita Ufaransa, Italia na Uswisi kwa takribani kilomita 170. Barani Afrika, Kameruni imekuwa na mbio za kupanda na kushuka Mlima Kameruni, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,000, tangu mwaka 1973.

Sababu ya kwanza ya uadimu huo katika Afrika Mashariki ni usalama. Mwaka 2014, Karl Egloff alipanda hadi kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, na kurejea kwa saa 6 na dakika 42. Wapandaji wa kawaida hutumia siku tano au zaidi ili miili izoee upungufu wa oksijeni. Rekodi ya mtu mmoja aliyejiandaa haiwezi kuwa kipimo cha mashindano ya mamia ya watu. Mwandaaji hupimwa kwa uwezo wa kumfikia mkimbiaji wa mwisho aliyezidiwa kwenye ukungu, mbali na barabara ya gari la wagonjwa.

Sababu ya pili ni uhifadhi. Kilimanjaro ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1973 na Urithi wa Dunia tangu mwaka 1987. Nyayo za watu wengi kwa siku moja huharakisha mmomonyoko wa udongo na kuacha taka mahali ambapo kila mzigo hushushwa kwa mabega.

Sababu ya tatu ni gharama. Barabara ya mjini hupokea maelfu ya washiriki chini ya uangalizi wa vituo vichache. Njia ya mlimani hubeba watu wachache, huku ikihitaji vituo vingi zaidi vya maji, tiba na mawasiliano. Si ajabu wadhamini huelekea kwenye lami, na wanariadha huzifuata zawadi huko.

Kwa hiyo, mahali pa kuanzia si lazima pawe kwenye kilele cha Kilimanjaro. Usambara, Pare na Uluguru zina mwinuko wa wastani na njia za miguu zinazounganisha vijiji, ambamo wageni wanaweza kulala, kula na kuacha fedha. Wapagazi na waongoza watalii wenye uzoefu wa kuwashusha wagonjwa wanaweza kuwa nguzo ya vikosi vya uokoaji.

Tahadhari ingali inahitajika. Misitu ya Uluguru ni chanzo cha Mto Ruvu, unaohudumia Dar es Salaam kwa maji. Idadi ya washiriki inapaswa kupangwa kwa kuzingatia uwezo wa njia na waokoaji, kwa makubaliano ya vijiji, mamlaka za hifadhi na vyama vya riadha. Bila makubaliano hayo, ajali moja yatosha kuufunga mlango ambao bado haujafunguliwa vizuri.