Siki ya mnazi iingie maabara

Kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha nne hapa Kilifi hufika kwenye mada ya asidi ya ethanoiki, ile iliyomo ndani ya siki. Kitabu hutuelekeza tuchemshe ethanoli pamoja na daikromati ya potasiamu na asidi ya salfuriki mpaka rangi ya chungwa igeuke kijani. Shule nyingi hazina daikromati. Zilizo nayo zina haki ya kuiogopa, kwani ni sumu inayosababisha saratani. Basi mada huishia ubaoni, fomula ikakaririwa na mtihani ukapita.

Na nje ya ua wa shule, minazi inagemwa asubuhi na jioni. Mgema hata hajateremka, hamira ya hewani imeshaanza kuigeuza sukari ya tembo kuwa ethanoli. Tembo likiachwa wazi siku kadhaa, bakteria huchukua oksijeni ya hewani na kuigeuza ethanoli hiyo kuwa asidi. Limechacha, limekuwa siki. Louis Pasteur aliichunguza kazi hii ya viumbe hai huko Ufaransa katika miaka ya 1860, akitumia divai. Sisi tunalo tembo. Gawa tembo katika vyombo viwili, kimoja ukifunike kwa kitambaa chepesi, kingine ukimiminie mafuta ya nazi juu yazuie hewa. Baada ya wiki chache pua zenyewe zitawaambia wanafunzi oksijeni ilikuwa na kazi gani.

Siki hiyo ikipatikana, masomo hayaishi. Tumbukiza ganda la yai au kombe lililookotwa ufukweni: povu linapanda, na gesi yake ikipitishwa kwenye maji ya chokaa, maji yanakuwa meupe. Ukoko wa birika, ambao maji ya visima vyetu vya mwamba wa matumbawe huuacha kwa wingi, unayeyuka kwa njia hiyo hiyo. Kisha chukua asidi ya hidrokloriki yenye ukolezi sawa na wa siki, utie kipande cha magnesi katika kila moja. Hidrokloriki itachemka kwa fujo. Siki itatoa viputo polepole, kwa kuwa molekuli chache tu ndizo zinazoachia ioni za haidrojeni. Nimewaona vijana walioshindwa kabisa kuelewa maana ya "asidi dhaifu" wakiielewa hapo hapo.

Lakini asidhani mtu kwamba dhaifu maana yake haina madhara. Siki ya jikoni ina asidi kama asilimia 5 tu. Asidi safi ya dukani, inayoganda kwenye nyuzijoto 16.6, huunguza ngozi na macho, na haifai kuachiwa mwanafunzi.

Najua wapo wazazi watakaosema tunaingiza pombe shuleni. Hofu yao naiheshimu. Mwalimu alichachushe tembo mwenyewe chini ya kufuli, wanafunzi wakabidhiwe siki iliyokomaa. Hata mafakihi wa Kishafii, ambao wengi wetu Pwani tunawafuata, wanasema pombe iliyogeuka siki yenyewe ni halali.

Walimu wakuu, turuhusuni. Nanyi watunga mitihani, ulizeni swali moja tu linalomtaka mtahiniwa aeleze tembo linavyokuwa siki. Shule za Pwani zitaanza kulifundisha muhula huo huo.