Safari ya Ng'ambo: Hesabu Saa, Si Kilomita

Mkazi wa Westlands anayetaka kumtembelea mwanawe Marekani humuuliza wakala wa tikiti mambo mawili: nauli ni pesa ngapi, na huko ni mbali kiasi gani? La pili hujibiwa kwa kilomita, jibu ambalo kiafya halimfai.

Kutoka Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800 ukipima kwa njia fupi, yaani uzi ukiuvuta juu ya tufe, nao hupita juu ya jangwa la Sahara. Kenya Airways ilipoanza kwenda huko moja kwa moja, Oktoba 28, 2018, safari ilikadiriwa kuchukua saa 15 kwenda na 14 kurudi. Umbali ni ule ule, lakini upepo wa juu huvuma kutoka magharibi. Humpinga anayekwenda na kumsukuma anayerudi.

Mguu nao haujui kilomita. Damu hupanda kutoka miguuni kwa kusukumwa na misuli ya mashavu ya miguu, na mtu akikaa kitako muda mrefu huzorota na yaweza kuganda. Donge likihamia mapafuni huua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari hiyo huongezeka takriban maradufu kwa anayesafiri ameketi saa nne au zaidi, iwe ni kwa ndege, basi, garimoshi au gari dogo.

Basi la Mombasa huenda kama kilomita 480 kwa saa nane hivi. Ndege ya London huruka zaidi ya kilomita 6,800 kwa muda usiopishana sana na huo. Kwa mshipa wa mguu safari hizi ni jirani, ingawa ni ya London tu ambayo watu huiombea dua.

Sitaki kumtisha mtu. Shirika hilo lilikadiria kwamba hupatwa mmoja kati ya wasafiri 6,000. Lakini mjamzito, aliyepasuliwa majuzi au aliyewahi kuganda damu asijihesabu humo; amwone daktari kabla ya kulipa nauli. Wengine wainuke, watembee, wakunje na kukunjua vifundo vya miguu, na wanywe maji.

Saa zenyewe pia hudanganya. Abiria akiondoka saa sita usiku na kutua New York saa moja asubuhi, atadhani amesafiri saa saba. Wakati wa baridi kule wako nyuma yetu kwa saa nane, kwa hivyo amekaa angani saa 15. Mwenye kisukari anayedunga insulini akifuata saa ya ukutani atakosea, kwa maana siku yake imerefuka hadi saa 32. Kwa maoni yangu, wakala yeyote anayeuza tikiti hizi angemwandikia mteja kwa wino saa halisi za angani, na daktari aipange dawa kwa karatasi hiyo.

Aidha, hatari ya damu kuganda haishii uwanja wa ndege; hudumu kwa wiki kadhaa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya kurudi, usiukande kwa mafuta. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, na pumzi ikikatika au kifua kikichoma, nenda saa hiyo hiyo, na umwambie daktari ulikaa kitini saa ngapi.