Hesabu za Tokyo, bonde la Pemba

Mchumaji aliye juu ya mkarafuu anapata netiweki. Akishuka bondeni, kwenye jamvi zinapoanikwa karafuu, simu inakufa. Lakini kwenye ramani ya kompyuta, mkarafuu na jamvi vyote viwili huenda vimepakwa rangi moja: hapa mawimbi yanafika.

Ramani kama hizo huchorwa kwa uigaji wa kompyuta. Kanuni mojawapo maarufu ya kukadiria mawimbi ilitokana na vipimo vya mhandisi Okumura jijini Tokyo, vilivyochapishwa 1968. Mtafiti aitwaye Hata akavigeuza kuwa fomula mwaka 1980. Leo fomula hiyo imo hata ndani ya ns-3, programu huria ya kuigia mitandao. Ina marekebisho ya vitongoji na maeneo ya wazi, ni kweli, ila bonde la mikarafuu si uwanja wa mpira. Na majani yaliyolowa mvua ya masika hunywa mawimbi kuliko yakiwa makavu.

David Kotz na wenzake wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walikwisha kuonya zaidi ya miaka 20 iliyopita: watafiti wengi waliichukulia dunia kuwa tambarare, na wakadhani kwamba nikikusikia, nawe lazima unanisikia. Mpemba aliyewahi kupiga simu bondeni angewaambia bure. Itifaki ya mtandao, yaani taratibu za vifaa kuwasiliana, ikijengwa juu ya dhana hiyo hutuma ujumbe, hukosa jibu, hurudia, hurudia tena, mpaka njia inajaa marudio matupu.

Mwaka 2021 kampuni ya World Mobile ilitangaza mpango wa maputo ya intaneti Unguja na Pemba: mita 300 angani, kila moja lifikishe mawimbi kilomita 70. Pemba ina urefu wa kilomita kama 67. Kwa hesabu ya karatasi, puto moja linakifunika kisiwa na chenji inabaki. Vilima havimo kwenye hesabu hiyo.

Sisemi uigaji utupwe. Nani atajenga minara kumi ili ajaribu itifaki moja? Ila ns-3 yenyewe huweza kuunganishwa na vifaa halisi, na vipimo vya uwanjani vikarudishwa ndani yake. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ina kampasi Pemba. Wanafunzi wenye simu na pikipiki wakipima njia ileile kiangazi na masika, tutapata namba zetu wenyewe.

Na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unapotoa ruzuku ya mnara, malipo ya mwisho yasubiri vipimo vya bondeni, mvua ikinyesha.